Faini Niliyonyimwa

Nianze na jambo ambalo watu wa hapa hawataki kulisikia: siku ile nilifanya kila kitu kama inavyotakiwa. Chensoo ya betri, huu msumeno wa mnyororo, si panga. Panga hata mlevi hulishika, akikosea anajikata kidole na kesho yake anaendelea kunywa. Chensoo haina kesho. Miaka yangu yote ya kazi nilikuwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha katani kule Tanga, na niliwahi kuona mkanda wa mashine ukimvuta mwenzangu mkono mpaka kwenye kiwiko, kisa alivaa shati la mikono mirefu bila kufunga vifungo. Tangu hapo mimi na mashine hatuna utani.

Jina langu ni Aroni. Nilizaliwa hapa hapa, mwendo mfupi kutoka hospitali ya Rubya, kwenye kibanja hiki cha baba yangu chenye migomba na kahawa mpaka ukutani mwa nyumba. Niliondoka nikiwa kijana, nikaoa Muheza, nikamzika mke wangu Muheza. Kaka yangu alipofariki kibanja kikakosa mtu, nikarudi. Nilidhani narudi nyumbani. Kumbe mtu akikaa nje muda mrefu, na nyumbani nako wanamsahau. Kihaya changu kimechakaa. Nalitafuta neno mpaka jasho linanitoka, na nikilipata watoto wanacheka. Wakubwa hawacheki, wao wana adabu zao. Wananiita Mzee wa Tanga.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nimekaa miaka na jembe sijapewa. Pakiwa na kazi ya kijiji, kuchimba mtaro au kumbeba mgonjwa mpaka barabarani, naambiwa, "Mzee, wewe pumzika." Kwenye harusi napewa kiti cha mbele, cha kwangu peke yangu, kama diwani. Niliomba kuingia chama cha kuzikana, ambacho kila nyumba hapa imo, wakasema watakaa waliongee. Hawajakaa. Na huku kwetu mtu asiye na chama cha kuzikana afadhali asife kabisa. Nani atamchimbia kaburi? Nani atabeba jeneza? Nani atalala chini kwenye majani na kumlilia? Kula ndizi peke yangu kutwa nzima nimezoea. Lakini hilo la kufa lilikuwa linanitisha, nasema wazi, linanitisha mpaka leo.

Binti yangu Nancy anaishi Dar es Salaam. Ndiye aliyeninunulia chensoo, akaituma kwa basi. "Baba," akaniambia kwenye simu, "sasa huna haja ya kuomba watu wakukatie matawi." Alikuwa na nia njema, mtoto wa watu. Hakujua kwamba kuomba watu wanikatie matawi ndiyo ilikuwa njia pekee ya kuwaleta watu kwangu. Vijana walikuwa wakija na shoka. Mlio wa shoka unasikika mbali, unawaita wengine, kina mama wanakuja kuokota kuni, tunakaa, rubisi, pombe yetu ya ndizi, inatolewa, jioni inakuwa jioni. Chensoo ya betri haiiti mtu. Inanguruma kidogo, tawi linaanguka, basi. Wapita njia hawajui hata kama nipo.

Kitabu chake cha maelekezo nilikisoma chote. Toa betri kabla hujagusa mnyororo. Ukiwa umevaa glovu, uvute mnyororo kwa vidole: unyanyuke kidogo kutoka kwenye ule ubapa wa chuma unaouzunguka, kisha urudi wenyewe. Ukilegea utachomoka, ukikaza mno utaunguza mashine. Hakikisha oili ipo. Usikate juu ya usawa wa mabega. Usiguse mti kwa ncha ya ule ubapa, maana mashine itakurukia usoni kabla hujasema mama. Usipande nayo ngazi. Vaa helmeti, miwani, viatu vigumu na vifuniko vya masikio. Mwisho kabisa kikaandika: usifanye kazi peke yako, awepo mtu wa kukusikia ukiita.

Hilo la mwisho lilinikera. Mtu wa kunisikia nimtoe wapi, nimnunue dukani? Majirani wangu wa karibu walikuwa Eliud na mkewe Bernadina, ng'ambo ya miramura, ile mimea tunayopanda kuonyesha mpaka. Eliud alikuwa na ugonjwa wa moyo, hatoki sana. Watoto wao wote wako mbali kama wangu. Bernadina tulikuwa tukisalimiana asubuhi juu ya miramura, "Waitu, umeamkaje?", naye anarudi kwenye kahawa yake na mimi kwenye yangu. Nikajiambia, likinipata la kunipata, hao watanisikia.

Kuhusu vifuniko vya masikio, hata Nancy alinishangaa. "Baba, hiyo haina kelele, vya nini?" Nikamwambia sikio la kushoto nililiacha kiwandani, na hili moja lililobaki silitoi sadaka. Kitabu kimesema vaa, mimi navaa. Wako watu wanaodhani kanuni ni ya wengine. Hao ndio waliokuwa wakija kiwandani na vidole kumi wakastaafu na saba.

Asubuhi ile mvua ilikuwa imekatika na jua limetoka vizuri. Nyuma ya nyumba, karibu na mpaka, kuna mtoma alioupanda baba, ule mti ambao zamani wazee walitengeneza nguo kwa magome yake. Ulikuwa umetanda juu ya kahawa mpaka buni zinagoma kuiva. Nilisafisha chini kwanza, nisije nikajikwaa na mashine mkononi. Nikakagua mnyororo, nikajaza oili, nikavaa vyangu vyote, nikachomeka betri. Dunia ikanyamaza. Ukishavaa vifuniko vile unajisikia mwenyewe tu, unavyopumua.

Tawi halikatwi ovyo. Unaanza kwa chini, unakata kidogo kwenda juu, unaacha. Kisha unahamia juu, mbele kidogo ya ule mkato, unakata kushuka. Tawi linaachia bila kuchana gome la shina. Ndipo unarudi kumalizia kipande kilichobaki, karibu na shina, lakini bila kugusa ule uvimbe kwenye shingo ya tawi, maana hapo ndipo mti unapojifunga kidonda. Na wewe unasimama pembeni, kamwe si chini ya tawi. Nilikuwa nafanya hivyo, tawi moja la chini baada ya jingine, utomvu mweupe unanidondokea kwenye glovu, na nakiri nilikuwa na furaha. Kazi safi inafurahisha hata kama hakuna wa kuiona.

Kisha nikaona watu wakipita njia ya juu. Wanawake wamejifunga kanga kiunoni, wanakwenda haraka. Nyuma yao Mushumbusi, mwenyekiti wa chama cha kuzikana, na fimbo yake. Nikawapungia mkono. Mushumbusi alisimama, akanitazama kwa muda, akatikisa kichwa, akaenda zake. Nikasema moyoni, haya, leo hata salamu nimenyimwa. Nilipandwa na hasira, nikageukia mti wangu nikawapa mgongo. Nilikata kwa bidii ya mtu aliyesusa.

Betri ilipoisha nikaitoa, nikaiweka kivulini, nikavua vifuniko nipanguse jasho. Ndipo nikasikia kilio. Kilikuwa karibu mno, kwa Eliud, ng'ambo ya miramura, na hakikuwa kimeanza sasa hivi. Sauti zilikuwa nyingi na nyingine zimeshakauka.

Nilikwenda vile vile nilivyo, unga wa mti kwenye ndevu. Uani wanaume walikuwa wamekaa, wote, hata wa bondeni. Ndani niliona majani yametandikwa na Bernadina amekaa katikati ya wanawake, kichwa amekiinamisha. Mushumbusi akanipokea mlangoni.

"Mzee wa Tanga," akasema, "umemaliza kazi?"

"Sikusikia, mwenyekiti. Wallahi sikusikia."

"Sisi tulisikia tuko bondeni kwenye maji. Wewe uko hapa."

"Nilivaa vifuniko vya masikio."

"Kwa kelele ipi, tata? Chombo chako tumepita hapo hatukukisikia hata kunguruma."

Nilianza kueleza. Nikaeleza kiwanda, nikaeleza sikio la kushoto, nikaeleza kitabu. Nilipofika kwenye kitabu niliona mtu mmoja anamtazama mwenzake, nikanyamaza. Wakanipa kiti. Wenyewe walikuwa wamekaa chini.

Asiye wa huku aelewe kosa lenyewe. Mtu akifa, majembe yanalala mpaka azikwe. Hapalilii mtu, hakati mtu mti. Anayevunja anatozwa faini, mbuzi au rubisi ya kutosha watu. Anakemewa hadharani mpaka ajute, analeta, watu wanakula au wanakunywa, neno limekwisha. Kesho yake mnasalimiana kama kawaida. Faini ni kama sabuni, inauma machoni lakini unatoka safi.

Baada ya mazishi chama kikakaa uani pale pale, nami nikakaa kwenye kile kiti changu cha heshima. Akaitwa Rugaibula, kwa sababu siku ya msiba alikutwa anapalilia maharage. Mawe, mama yangu! Walimsema huyo bwana. Walimsema yeye, wakamsema marehemu baba yake, wakasema mpaka jembe lake. Nilidhani atalia. Kisha akaleta rubisi yake, wakainywa, wakamtania kwamba ni chungu kama roho yake, naye akacheka kuliko wote.  Sasa ni mimi, nikasema. Nilikuwa nimeshanunua mbuzi, nimemfunga kwenye mgomba nyumbani, na maneno ya kuomba radhi nimeyapanga kwa Kihaya, nimeyarudia mpaka yakanyooka.

Hawakuniita. Mushumbusi aliuliza kama kuna jambo jingine, akasimama, watu wakakung'uta nguo wakaondoka. Mmoja akaninyanyua kwenye kiti kwa kunishika mkono, polepole, kama mgonjwa. "Usiku mwema, mzee."

Sikulala. Mbuzi naye alilia hadi alfajiri, nikamwona mwenzangu.

Siku chache baadaye nilikwenda Bukoba mjini kutafuta tupa ya kunolea mnyororo. Mnyororo ungeweza kungoja, lakini nilitaka kuzungumza na mtu, hata kwa kununua. Nilikwenda dukani kwa Kanti, karibu na soko. Kanti ni mzee wa Kihindi, wa mwisho kwenye mtaa wake. Alizaliwa Bukoba, na baba yake pia, na Kihaya chake ni kizuri kuliko changu, jambo linaloniudhi. Ndugu zake wote wameondoka. Akanipa tupa ya duara, akanionyesha kuisukuma upande mmoja tu, kutoka ndani ya jino kwenda nje, kila jino idadi sawa. Nikamwambia hilo nalijua. Kisha, sijui ilikuwaje, nikamwambia na mengine yote.

Aliniachia nimalize. "Na faini?" akauliza.

"Hawakunitoza."

Kanti akavua miwani akaipangusa na shati. "Mimi miaka ile baba wa jirani yangu alikufa, nikafungua duka asubuhi kama siku zote. Sikuwa na habari. Duka la kushoto lilifungua pia, la Mhaya mwenzao. Yeye walimtoza kreti za bia, wakamtukana, wakanywa naye. Mimi wakaniambia, 'Kanti, wewe si kosa lako, wewe hujui mambo yetu.'" Akarudisha miwani. "Nimezaliwa hapa, bwana Aroni. Hakuna mtu aliyewahi kunitoza kitu."

Aliyasema hayo kwa sauti ya kawaida, huku akinifungia tupa kwenye gazeti. Nilipotoka nje nilijisikia vibaya kuliko nilivyoingia. Kwa hiyo ndivyo ilivyo, nikasema. Mgeni hatozwi. Nitakufa na kiti changu cha mbele.

Lakini mimi si Kanti. Yeye ana upole, mimi baba yangu hakunizalia huo. Kesho yake nilimfungua mbuzi, nikaenda naye moja kwa moja kwa Mushumbusi, nikamkuta anakata majani ya ng'ombe.

"Nitozeni," nikamwambia.

Akaacha kukata. "Mzee, tulia kwanza. Karibu ukae."

"Sikai! Nimechoka na viti vyenu. Nilikata mti siku ya msiba. Rugaibula mmemtoza kwa maharage, mimi nimekata mtoma mzima mnanipa usiku mwema. Mimi si mtu? Nitozeni, mnitukane, mniite mbwa, lakini mnitoze."

Mushumbusi alinitazama, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba hana raha. "Waitu, si sisi," akasema. "Sisi tulishakupigia hesabu ya mbuzi siku ile ile. Ni mwenye msiba aliyetukataza. Nenda kwa Bernadina."

"Amekataza kwa nini?"

"Hakusema. Na mwenye msiba haulizwi."

Nikashuka njiani na mbuzi wangu. Nakumbuka nilikuwa najisikia ahueni kidogo. Nikadhani mama wa watu ameniona mzee, mpweke, akanihurumia, na huruma inaweza kujadiliwa. Nikayapitia tena maneno yangu ya Kihaya.

Bernadina alikuwa anatandaza kahawa kwenye mkeka, peke yake, nywele zimenyolewa. Hakunikaribisha. Nikasimama, nikaanza maneno yangu, naye akanikatiza kwa Kiswahili.

"Mbuzi wa nini?"

"Wa faini, mama. Nimeambiwa wewe ndiye uliyekataza. Nashukuru kwa huruma yako, lakini..."

"Huruma?" Akainua kichwa. Macho yake yalikuwa makavu. "Nani kakwambia nina huruma na wewe?"

Nikaivuta kamba ya mbuzi karibu.

"Siku ile," akasema, "Eliud alianguka pale mlangoni. Alikuwa mzima. Anapumua, ananitazama. Nikataka kumnyanyua, nikashindwa, yule mtu alikuwa mzito. Nikakimbia pale kwenye miramura. Nikakuona. Nikakuita. 'Aroni! Aroni waitu, njoo unisaidie, tumpeleke Rubya!' Ulikuwa umenipa mgongo. Ulikuwa karibu kama ule mgomba. Nikaita mpaka sauti ikapasuka. Nikaanza kupenya miramura nikushike, ndipo nikamsikia anakoroma, nikarudi kwake. Nilipofika alikuwa ameshakwenda."

Mbuzi alikuwa anavuta kamba kuelekea kwenye kahawa, nami sikumzuia. Bernadina akamsukuma kwa mguu.

"Kilio walichosikia watu kilikuja baadaye," akasema. "Cha kwanza kilikuwa chako peke yako."

"Mama, mimi nilidhani mmenionea haya kwa sababu ni mgeni."

"Mgeni ningemwita wa nini?"

Kitabu kizima kilinijaa mdomoni, vifuniko, kiwanda, sikio la kushoto. Nikakimeza. Pengine hata ningesikia Eliud asingefika hospitali. Pengine angefika. Hilo nalo sikulisema, kwa sababu yeye amekaa nalo usiku mwingi kuliko mimi. Nilisema tu, "Nisamehe."

"Ndiyo maana niliwakataza," akasema. "Hawajui kama nilikuita, sikuwaambia, na wewe usiwaambie. Ukitozwa, watu wanakunywa, neno linakwisha, na mimi asubuhi lazima nikusalimie. Mimi sijafika huko. Siwezi kuwaachia wao walimalize na mbuzi." Akarudi kwenye kahawa yake, akaitandaza kwa kiganja mahali ambapo ilikuwa imeshatandazwa. "Mrudishe. Siku nikiwa tayari kukutoza, nitakuita mwenyewe."

Nilimrudisha. Njiani nililia, mzee mzima, na sikujali nani anaona.

Mtoma umebaki umekatwa upande mmoja. Chensoo nimeisafisha, nimetoa unga wote wa mti kwenye mnyororo, nimeupaka oili, betri nimeiweka ndani mahali pakavu, mbali na jua. Nancy anauliza kama inafanya kazi vizuri, namjibu inafanya. Asubuhi natoa kigoda changu nakiweka upande wa miramura, sikio zima nalielekeza kwake. Namsikia akifagia uani. Namsikia akikohoa, akisema na kuku, akimenya ndizi za mtu mmoja. Hajaniita bado.